Nguvu ya Supachaja Kwenye RPM za Juu: Mwongozo Kamili wa Kuielewa, Kuipima na Kuitunza

Tuanze na gari ambalo barabara za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinalijua vizuri: Mercedes-Benz C200 Kompressor ya umbo la W204. Kompressor ndilo jina la Mercedes kwa supachaja, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu. Injini yake ni M271, silinda nne, ujazo wa cc 1,796. Kiwanda kinasema inatoa kilowati 135, yaani farasi 184, kwenye RPM 5,500 (RPM ni mizunguko ya injini kwa dakika). Kisha kinasema jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama: msokoto wa Nm 250 (nyutoni mita) unaoanza kwenye RPM 2,800 na kubaki palepale hadi 5,000.

Jambo hilo la pili ndilo lenye siri yote. Ukilielewa, utajua kwa nini gari hili linavuta mshale unapopanda, na siku likiacha kuvuta utajua pa kuanzia kutafuta badala ya kumlipa fundi abadilishe kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu ya gari lako

Msokoto ni ile nguvu ya kuzungusha krankishafti, shafti kuu ya injini. Nguvu ya injini, ile inayotajwa kwa kilowati au farasi, ni msokoto ukizidishwa na kasi ya mzunguko. Kanuni yake ni fupi:

kilowati = Nm × RPM ÷ 9,549

Weka takwimu za C200. Kwenye RPM 2,800, Nm 250 zinatoa kilowati 73. Kwenye RPM 5,000, Nm 250 zilezile zinatoa kilowati 131. Msokoto haujaongezeka hata kidogo, lakini nguvu imekaribia kuongezeka maradufu. Sasa igeuze hesabu kwa RPM 5,500: kilowati 135 ni sawa na msokoto wa Nm 234 hivi. Kwa hiyo kuanzia 5,000 msokoto umeanza kushuka taratibu, lakini mzunguko bado unapanda haraka kuliko msokoto unavyoshuka, na nguvu inaendelea kuongezeka kidogo. Baada ya hapo mambo yanageuka.

Kazi ya supachaja kwenye RPM za juu ni hiyo: kuushikilia msokoto usianguke mapema. Mzunguko wenyewe unamalizia kazi. Tafuta takwimu za gari lako, msokoto na RPM zake, nguvu na RPM zake, uzifanyie hesabu hii kabla hujagusa spana.

Hatua ya pili: elewa kwa nini injini isiyo na supachaja huishiwa pumzi

Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili ya krankishafti, na pigo la kuvuta huchukua nusu mzunguko. Kwenye RPM 1,000 nusu mzunguko ni sekunde 0.03. Kwenye RPM 6,000 ni sekunde 0.005 tu. Valvu hufunguliwa kwa muda mrefu kidogo kuliko hapo, lakini hali ni ileile: hewa inatakiwa ipite kwenye chujio, mabomba, manifoldi (bomba linaloigawa hewa kwa silinda) na uwazi mwembamba wa valvu ndani ya muda mfupi mno. Kinachoisukuma ni uzito wa anga peke yake. Kadiri RPM zinavyopanda, silinda inafungwa kabla haijajaa sawasawa, mafuta yanayochomwa kwa kila pigo yanapungua, na msokoto unaanguka.

Wabunifu wana njia za kupambana na hali hii bila supachaja: valvu nyingi, kemu (shafti inayofungua valvu) kali, manifoldi za urefu unaobadilika. Njia hizo zinafanya kazi, ila mara nyingi unapata juu kwa kupoteza chini.

Hatua ya tatu: jua supachaja yako ni ya aina gani

Supachaja huendeshwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda kutoka puli ya krankishafti. Turbo, kwa upande wake, huendeshwa na moshi. Kwa sababu ya mkanda huo, kasi ya supachaja imefungwa na kasi ya injini. Aina kuu ni tatu, na tabia zao kwenye RPM za juu hazifanani.

Ya kwanza ni Roots. Jina limetokana na ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, waliopata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, kabla ya gari la petroli kuwapo. Mercedes walionyesha magari yenye supachaja mwaka 1921, na neno Kompressor likabaki nembo yao. Ndani ya Roots kuna rota mbili zinazozunguka kinyume, zikibeba hewa pembezoni na kuisukumia kwenye manifoldi. Supachaja za Eaton, zilizofungwa kwenye magari mengi ya kawaida, ni za ukoo huu. Toleo la TVS, lililofungwa kwenye Range Rover na Jaguar za V8 ya lita 5.0, lina rota zenye mbawa nne zilizosokotwa nyuzi 160, na hasara zake za joto ni ndogo kuliko za Roots za zamani.

Ya pili ni ya skrubu, ambayo chimbuko lake ni kazi ya mhandisi wa Sweden, Alf Lysholm. Hii huibana hewa ndani yake kabla ya kuitoa, kwa hiyo haipotezi nguvu nyingi inapofanya kazi kwa shinikizo kubwa.

Aina hizi mbili zina sifa moja ya kuzingatia sana: kila mzunguko hubeba ujazo uleule wa hewa. Tuchukue mfano wa hesabu. Injini ya lita 1.8 humeza takriban lita 0.9 kwa kila mzunguko wa krankishafti. Ukiifungia supachaja inayobeba lita 0.6 kwa mzunguko, na puli zikaifanya izunguke mara 2.3 ya injini, italeta lita 1.38 mahali panapohitaji 0.9. Uwiano huo ni 1.5, na hautegemei RPM. Ukiwa 2,500 ni 1.5, ukiwa 5,500 ni 1.5.

Sasa tazama kinachotokea juu. Valvu zinaanza kushindwa kupitisha hewa kama tulivyoona, lakini supachaja haisikilizi hilo. Inaendelea kuleta kiasi kilekile kwa kila mzunguko. Hewa isiyo na pa kwenda inajibana kwenye manifoldi, shinikizo linapanda kidogo, na shinikizo hilo ndilo linaloilazimisha kuingia ndani ya ule muda mfupi. Kule chini mambo ni kinyume: daima kuna hewa inayovuja kwenye nafasi ndogo kati ya rota na ganda lake, na supachaja inapozunguka polepole uvujaji huo ni sehemu kubwa zaidi ya hewa iliyobebwa. Ndiyo maana hata supachaja, inayosifiwa kwa kuitikia papo hapo, hufikia ubora wake inapochangamka.

Aina ya tatu ni ya sentrifuga. Hii ina gurudumu la mapezi kama lile la turbo, na shinikizo lake hukua takriban kwa mraba wa kasi: RPM zikiongezeka maradufu, shinikizo linaongezeka kama mara nne. Chini huioni, juu inakuja kwa kishindo. Mfano mzuri kuliko yote ni pikipiki ya Kawasaki Ninja H2 iliyotoka mwaka 2015. Gurudumu lake la milimita 69 huzungushwa kwa gia mara 9.2 ya kasi ya krankishafti, hivyo injini ikifika RPM 14,000 gurudumu linakaribia 130,000. Anayetaka nguvu yake yote ikae kileleni huchagua aina hii. Kwa gari la familia linalopanda milima na mizigo, mimi ningechagua Roots au skrubu bila kusita.

Hatua ya nne: jua bei unayolipa

Supachaja inakula kabla ya kukulisha. Dodge Challenger Hellcat ya Marekani, yenye V8 ya lita 6.2 na farasi 707, hutumia takriban farasi 80 kuizungusha supachaja yake peke yake inapokuwa RPM 6,000. Nguvu hiyo inapitia kwenye mkanda. Volkswagen walipotengeneza injini ya 1.4 TSI yenye supachaja na turbo pamoja, waliweka klachi ya sumaku inayoiachia supachaja kabisa ifikapo RPM 3,500, turbo ibebe huko juu. Mwenye Golf ya injini hiyo asitafute nguvu ya supachaja kwenye RPM 5,000. Haipo, na haikukusudiwa iwepo.

Bei ya pili ni joto, na hii ndiyo inayoua nguvu ya juu katika nchi zetu zaidi ya kitu kingine chochote. Yeyote aliyejaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono anajua inavyochemka. Tuhesabu: hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi mara 1.5 na supachaja yenye ufanisi wa asilimia 60, inatoka ikiwa na nyuzi 92 hivi. Kwa joto hilo, ile hewa unayodhani imeongezeka kwa asilimia 50 imeongezeka kwa asilimia 25 tu, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Ipitishe kwenye intakula, yaani kipoza hewa, ishuke hadi nyuzi 50, shinikizo likiwa lilelile, na ongezeko linakuwa asilimia 40.

Kwa hiyo usiiamini geji ya shinikizo peke yake. Ukifunga intakula bora kuliko ya zamani, geji inaweza kushuka kidogo huku gari likivuta zaidi.

Hatua ya tano: pima kabla ya kufungua

Unahitaji skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, inayoonyesha namba wakati gari linatembea na kuzihifadhi. Hata ile ndogo inayounganishwa na simu inatosha. Kabla ya kipimo chochote, injini iwe imepata moto kamili. Kumbuka oili huchelewa kupata moto kuliko maji, kwa hiyo geji ya maji ikifika katikati endelea kuendesha kwa utaratibu dakika kumi zaidi. Na kama injini ni M271, sikiliza kwanza inapowaka asubuhi ikiwa baridi. Mkwaruzo wa cheni unaodumu sekunde chache ni dalili ya cheni ya taimingi iliyorefuka au gia za kemu zilizolika. Ugonjwa huu ni maarufu kwa injini hizi, na gari lenye dalili hiyo halipandishwi RPM za juu hata mara moja mpaka litengenezwe.

Mahali salama kabisa pa kupimia ni kwenye dainamomita, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama. Usipoipata, tafuta eneo lililofungwa, si barabara ya umma. Weka gia ya tatu kwa mkono, anza kwenye RPM 2,000, kanyaga pedali hadi mwisho na uishikilie mpaka karibu na mstari mwekundu. Rekodi RPM, shinikizo la manifoldi, joto la hewa inayoingia, hewa kwa gramu kwa sekunde kama gari lina sensa hiyo, na taimingi ya plagi (wakati cheche inaporuka). Rudia baada ya injini kupoa kidogo, kisha rudia tena mfululizo bila kupumzika. Tofauti kati ya majaribio hayo itakuonyesha tatizo la joto kama lipo.

Kwa sensa ya hewa kuna kipimo cha makadirio kinachosaidia sana: injini ya petroli inahitaji kama gramu 0.8 za hewa kwa sekunde kwa kila farasi. C200 ya farasi 184 inapaswa kukaribia gramu 147 kwa sekunde karibu na RPM 5,500. Ukiona 110, hewa haiingii, na hakuna plagi mpya itakayokuokoa.

Jambo moja kwa wanaoishi nyanda za juu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la anga pale ni kama kilopaskali 83, wakati Mombasa na Dar es Salaam ni 101. Supachaja huzidisha kile inachokipata. Uwiano wa 1.5 unaleta 151 pwani na 124 Nairobi. Gari lililoletwa kutoka pwani likionyesha namba ndogo Nairobi halijaharibika, na gramu za hewa nazo zitapungua kwa kadiri hiyohiyo. Turbo inaweza kufidia kwa kuzunguka haraka zaidi. Supachaja ya mkanda haina namna hiyo.

Hatua ya sita: soma umbo la mchoro wa namba zako

Hapa ndipo kipimo kinalipa, kwa sababu kila ugonjwa una mahali pake pa kuangusha namba.

Shinikizo likipanda vizuri hadi RPM 4,000 kisha likaanza kurudi chini, mshuku mkanda kwanza. Supachaja inahitaji nguvu nyingi zaidi kadiri inavyozunguka, na mkanda uliochoka unateleza hapohapo inapohitajika kukaza. Tafuta vumbi jeusi kuzunguka puli, harufu ya mpira uliochomeka, uso wa mkanda unaong'aa, na tone lolote la oili au maji lililoufikia. Kagua kikaza mkanda: mkono wake usitetemeke sana injini ikiwa sailensa, yaani ikiwaka bila pedali kukanyagwa. Kubadilisha mkanda na kuacha kikaza kilichochoka ni kutupa pesa. Mkanda ukiwa mzima, fungua chujio la hewa. Chujio lililojaa vumbi la barabara ya vumbi huenda lisionekane kabisa kwenye RPM 3,000, likabana sana kwenye 5,500, kwa sababu injini hiyo inataka karibu lita 5,000 za hewa kwa dakika hata kabla ya kuhesabu ongezeko la supachaja.

Shinikizo likiwa dogo kuanzia chini hadi juu, mkanda hauhusiki sana. Tazama valvu ya kurudishia hewa. Gari likitembea taratibu valvu hiyo huiruhusu hewa izunguke kutoka upande wa kutoka kurudi upande wa kuingia, ili supachaja isihangaike bure; ukikanyaga pedali, valvu hujifunga. Ikikwama wazi, au mota yake ikichoka, supachaja inazungusha hewa yake yenyewe tu. Kagua pia mipira na bomba za intakula, na kwenye M271 bomba za kupumulia za injini zilizo karibu na supachaja, ambazo hukauka na kupasuka. Fundi mwenye mashine ya moshi atauona ufa kwa dakika chache.

Shinikizo likiwa zuri na gari bado haliendi, kuna njia tatu. Kama jaribio la kwanza lilikuwa zuri na la tatu baya, na joto la hewa limepanda huku taimingi ya plagi ikirudi nyuma, kompyuta inailinda injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Safisha intakula nje na ndani. Kama ni ya maji, hakikisha pampu yake ndogo ya umeme inazunguka, maana ikifa haiwashi taa kila mara. Weka petroli ya okteni iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, usishuke chini yake. Njia ya pili ni mafuta: pampu iliyochoka inatosheleza mwendo wa kawaida na kushindwa pale silinda zinapopata hewa nyingi. Dalili yake ni injini kukata au kujikwaa karibu na kilele. Hapo acha kukanyaga mara moja, kwa sababu hewa nyingi na mafuta machache chini ya shinikizo hutoboa pistoni. Plagi zenye mwanya uliopanuka nazo hukwama hapahapo, kwani cheche hupata shida kuruka ndani ya hewa iliyobanwa.

Njia ya tatu wengi hawaifikirii: masega ya eksosi (katalisti, kisafishaji cha moshi) yaliyoziba. Moshi usipotoka, hewa mpya haina pa kuingia, na kwa kuwa supachaja haiachi kusukuma, shinikizo la manifoldi linapanda kupita kawaida huku gramu za hewa zikipungua. Ukiona namba hizi mbili zinaachana hivyo, nenda kwenye eksosi moja kwa moja.

Hatua ya saba: endesha kwa kufuata umbo la nguvu

C200 ya gia tano ina uwiano wa takriban 2.41 gia ya pili na 1.49 gia ya tatu. Unapita lori. Ukibadilisha kwenda ya tatu kwenye RPM 4,500, injini inaangukia 2,780 na kilowati kama 73. Ukisubiri hadi 5,800, inaangukia 3,580 na kilowati 94. Ni pedali ileile na gari lilelile, lakini dereva wa kwanza ameacha kilowati 21 nyuma na atakaa muda mrefu zaidi upande wa kulia. Tumia gia za mkono unapopita. Gia za kujiendesha zikiachwa katika mpango wa kubana mafuta hubadilisha mapema.

Supachaja nyingi za Eaton zina oili yake ya gia za mbele, tofauti na ya injini. Viwanda huiita ya kudumu maisha yote ya kifaa, lakini gari lililotimiza zaidi ya miaka kumi limeshapita maisha hayo. Fundi anayeijua aitoe, aweke ile maalumu ya supachaja kwa kipimo chake. Kuijaza kupita kiasi huharibu sili. Mlio wa njuga injini ikiwa sailensa, unaopotea ukikanyaga kidogo, mara nyingi ni kiunganishi cha shafti ya mbele kilicholika. Mngurumo unaokua pamoja na RPM ni beringi, na huo hauvumiliwi.

Hatua ya nane: kama unataka kubadilisha puli

Puli ndogo ya supachaja ndiyo njia rahisi ya kuongeza nguvu ya juu. Hesabu kwanza. Puli ya krankishafti ya milimita 150 na ya supachaja ya 65 zinatoa uwiano wa 2.31, kwenye RPM 6,000 supachaja inazunguka 13,850. Weka ya milimita 58 na inafika 15,500. Tafuta kikomo cha mtengenezaji wa supachaja yako na usikivuke hata kwa sekunde moja, kwa sababu rota zikigusana vipande vinaingia kwenye silinda.

Badilisha puli mwisho kabisa, baada ya mkanda, intakula, pampu ya mafuta na plagi kuthibitishwa kuwa wazima, na kompyuta iandikwe upya na mtu anayepima mchanganyiko wa mafuta kwa sensa ya lambda ya upeo mpana, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Kisha rudia kipimo cha hatua ya tano, mara tatu mfululizo, mchana wa jua. Linganisha gramu za hewa na taimingi ya jaribio la tatu na zile ulizorekodi kabla. Kama shinikizo limepanda lakini gramu hazijaongezeka au taimingi imerudi nyuma sana, umenunua joto. Rudisha puli ya zamani na uweke pesa kwenye intakula.